Rupia ya pesa 64 au pauni ya peni 240: uanze kujifunza kusoma ipi?

Mpwa wangu alinijia na sarafu mbili kiganjani. Moja ilikuwa pesa ya shaba ya Zanzibar, yenye mizani upande mmoja. Nyingine ilikuwa peni ya Uingereza ya mwaka 1912, pana, imelainika kwa kushikwa na watu wengi. "Mjomba, nataka kukusanya sarafu za zamani," akasema, "lakini hesabu zake zinanichanganya. Nianze na zipi?"

Nilimjibu hapohapo: anza na rupia. Ila jibu hilo halimfai kila mtu, na yeye mwenyewe hakuridhika mpaka tulipoziweka sarafu zote mezani, familia mbili zikitazamana, tukazipitia moja moja. Haya ndiyo tuliyoyapitia.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Leo shilingi moja ni senti 100, na hatujiulizi kwa nini ni mia. Zamani fedha nyingi duniani hazikugawanywa kwa kumi na mia. Pwani yetu na India walihesabu kwa rupia, ana na pesa. Uingereza walihesabu kwa pauni, shilingi na peni. Anayetaka kusoma sarafu za kale zilizobaki katika makasha ya nyumba zetu atakutana na moja kati ya hizo mbili, na mara nyingi zote mbili kwa pamoja.

| | Rupia | Pauni |
|---|---|---|
| Kipimo kikubwa | rupia 1 | pauni 1 |
| Cha kati | ana 16 | shilingi 20 |
| Kidogo | pesa 64 (pesa 4 kwa ana 1) | peni 240 (peni 12 kwa shilingi 1) |
| Kidogo kabisa | pai 192 (pai 3 kwa pesa 1) | farthing 960 (4 kwa peni 1) |
| Ilipoachwa | India 1957. Huku kwetu mapema zaidi | 15 Februari 1971 |

Hesabu ipi inaingia kichwani upesi?

Namba 64 inaonekana ya ajabu mpaka uishike mkononi. Chukua rupia moja. Ikate nusu: ana 8. Ikate tena, upate robo: ana 4. Nusu ya robo ni thumni: ana 2. Kata upate ana 1. Kata upate nusu ana. Kata mara ya sita, umepata robo ana, na hiyo robo ana ndiyo pesa. Umekata nusu mara sita, basi. Hakuna kanuni nyingine ya kukariri.

Ndiyo maana nasema hesabu hii ni ya kwetu. Mtu aliyezoea kusikia nusu, robo na thumni sokoni tayari anayo rupia yote kinywani. Mama anayegawa mkate kwa watoto wanane anakata nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo. Rupia ilikatwa vivyo hivyo, na sarafu zenyewe zilifuata makato hayo. Kampuni ya Waingereza iliyoshika Mombasa ilitoa rupia nzima mwaka 1888, kisha mwaka 1890 ikatoa vipande vya nusu rupia, robo rupia na ana 2. Wajerumani nao walikuwa na rupia, nusu na robo. Ukiona sarafu ya fedha ya wakati huo na huelewi maandishi yake, ipime: rupia nzima ya India ina gramu 11.66, na ya Wajerumani iliundwa ilingane nayo. Yenye uzito wa nusu ya hapo ni nusu rupia. Mizani inakusomea.

Pauni haikubali kukatwa kwa urahisi huo. Shilingi 20 kwa pauni, peni 12 kwa shilingi, ni hatua mbili zenye namba mbili tofauti, na lazima uzikariri zote. Lakini niitendee haki: 240 inagawanyika kwa tatu na kwa tano bila kubakiza kitu, jambo ambalo 64 haiwezi. Watu watatu wakigawana shilingi moja, kila mmoja anapata peni 4 kamili. Watatu wakigawana rupia moja kwa pesa, wanabaki na pesa moja ya kugombania. Hapo ndipo pai ilipohitajika, theluthi ya pesa, na ndiyo maana rupia ina pai 192. Huko India pai iliandikwa kwenye sarafu kama 1/12 ANNA, na pesa mara nyingi kama ONE QUARTER ANNA. Kwa hiyo usishangae kutoliona neno "pesa" kwenye pesa ya India. Limeandikwa kwa jina la sehemu yake.

Kwa upande wa hesabu, basi, rupia inashinda kwa anayeanza. Pauni inawafaa wanaopenda fumbo.

Sarafu inakuambia nini yenyewe?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi na mpwa wangu.

Alinionyesha stakabadhi ya zamani iliyoandikwa 2s 6d. "Hii d ni nini? Peni si ingekuwa p?" Herufi hizo ni za Kilatini. Alama £ ni L ya neno libra, yaani ratili. s ni ya solidus, na d ni ya denarius, majina ya sarafu za Warumi. Waingereza walibaki na herufi hizo hata walipokuwa wakitamka pound, shilling na penny. Lakini jambo la kukumbuka ni kwamba d hiyo utaiona kwenye stempu, stakabadhi na daftari za duka. Kwenye peni zenyewe thamani iliandikwa kwa maneno: ONE PENNY, HALF PENNY, FARTHING. Anayetafuta d juu ya peni atageuza sarafu mpaka achoke.

Na wakati mwingine hata maneno hayapo. Sovereign, ile pauni ya dhahabu, haina thamani popote. Ina sura ya mfalme au malkia, na mara nyingi nyuma yake Mtakatifu George akiua joka, basi. Shilingi za mfalme George wa Tatu za 1816 hadi 1820 nazo ni kimya. Half crown ni shilingi 2 na peni 6, lakini jina lake linasema "nusu taji", kwa hiyo unatakiwa kujua kwamba taji ni shilingi 5. Florini, iliyoanza 1849, ni shilingi 2, na mwanzoni iliandikwa ONE TENTH OF A POUND, sehemu ya kumi ya pauni. Waingereza walikuwa wanajaribu kwenda kwenye hesabu ya kumi miaka zaidi ya mia kabla hawajafika.

Maandishi yanayozunguka kichwa cha mfalme yanatisha, ila ukiyajua mara moja umeyajua yote. Peni ya 1912 inasema: GEORGIVS V DEI GRA: BRITT: OMN: REX FID: DEF: IND: IMP: Yaani George wa Tano, kwa neema ya Mungu, mfalme wa nchi zote za Kiingereza, mlinzi wa imani, kaizari wa India. V imekaa mahali pa U kwa sababu Kilatini cha kale kiliandikwa hivyo. T mbili kwenye BRITT zina maana ya wingi, si kosa la fundi. Na IND: IMP: inakusaidia kukisia mwaka hata namba zikiwa zimefutika: kwenye sarafu za Uingereza iliingia 1893 na ikaondolewa 1949, India ikiwa tayari imejitawala.

Rupia za pwani zina siri yao, nayo ni tarehe. Pesa ya Sayyid Barghash imeandikwa ١٢٩٩. Namba hizo zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama zetu, ingawa maandishi ya Kiarabu yanakwenda kulia kwenda kushoto: 1299. Ni mwaka wa Hijria. Kuugeuza, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: unapata 1882. Kuna nyingine ya 1304, ambayo kwa hesabu hiyohiyo inaangukia 1887 hivi. Mtoto aliyepita chuo cha Kurani anazisoma namba hizo bila msaada. Aliyekosa bahati hiyo atazijifunza kwa nusu saa, maana ni alama kumi tu.

Sarafu nzuri kuliko zote ya kujifunzia ni pesa ya kampuni ya Wajerumani. Upande wa tai umezungukwa na maandishi ya Kijerumani na mwaka 1890. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, kuna maandishi ya Kiarabu na ١٣٠٧. Sarafu moja, miaka miwili, na kila mmoja unathibitisha mwingine. Ukiwa nayo umebeba jibu na swali pamoja.

Herufi moja ndogo

Familia zote mbili zina herufi ndogo karibu na mwaka au chini ya picha, na herufi hiyo inataja kiwanda. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. KN ni King's Norton, mjini humohumo. Peni ya mpwa wangu ilikuwa na H kushoto mwa 1912. Nilipomwonyesha kwamba rupia ya Mombasa ya 1888 nayo ilitoka kwa Heaton, alizichukua zote mbili akazitazama upya. Sarafu za Afrika Mashariki za enzi ya shilingi zina herufi hizo pia, na wakati wa Vita vya Pili zikaongezeka I ya Bombay na SA ya Pretoria. Isiyo na herufi kwa kawaida ni ya London.

Kwa Wajerumani, A ni Berlin na J ni Hamburg. T ni Tabora, nayo inastahili maneno mawili matatu. Mwaka 1916, vita vikiwa vimefunga bahari, sarafu zilitengenezwa Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli: heller 20 (heller ni kisarafu cha Wajerumani, 100 kwa rupia) za shaba zenye taji na herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Kwa nini 15? Rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20 za Wajerumani, na kwa Waingereza rupia 15 zilihesabiwa kuwa pauni moja. Hiyo ndiyo daraja kati ya familia zetu mbili, imepigwa chapa kwenye dhahabu, Tabora.

Njia ya tatu: heller

Kuna atakayesema: kama rupia ya pesa 64 ni ngumu, si nianze na heller? Mwaka 1904 Wajerumani waliachana na pesa 64 wakaweka heller 100 kwa rupia. Thamani imeandikwa kwa namba wazi: ½, 1, 5, 10, 20. Zenye tundu katikati ni za 10 na baadhi ya za 5. Kweli, ndizo rahisi kuliko zote kusoma, na heller moja ya shaba bado inapatikana bila shida kubwa. Waingereza walifanya hivyo upande wao, senti 100 kwa rupia, na sarafu zao zikaanza 1906. Zanzibar ikatoa senti zake 1908, zenye mnazi.

Mimi huzipendekeza kama hatua ya pili. Ukianza na heller unasoma namba tu, hujifunzi hesabu ya kale. Lakini zina fadhila moja inayonigusa: neno "hela" tunalolitumia kila siku limetoka hapo, kama "pesa" ilivyotoka kwenye paisa ya India. Sehemu ya mia na sehemu ya sitini na nne ya rupia, vipande vidogo alivyokuwa navyo mtu wa kawaida, vikawa jina la fedha zote. Kwa Kiswahili fedha zote hazikuitwa "rupia". Watu waliita kile walichokishika.

Mitego ya familia zote mbili

Mtego wa kwanza ni senti 50 za Afrika Mashariki. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliondoa rupia ikaweka florini ya senti 100, yenye thamani ya shilingi 2. Kwa hiyo senti 50 za 1920 zimeandikwa pia ONE SHILLING, shilingi moja nzima. Mwaka uliofuata, 1921, florini ikaachwa, shilingi ikawa ndiyo yenye senti 100, na senti 50 zikaandikwa HALF SHILLING. Namba ileile, EAST AFRICA ileile, thamani tofauti. Soma mwaka kabla hujasoma namba. Za 1920 ni adimu, na nimeona mtu akiiuza moja kwa bei ya sarafu ya kawaida kwa sababu aliona "senti 50" akaishia hapo.

Wa pili ni masikio yetu. Bibi akikuambia "nilinunua kwa peni", usikimbilie Uingereza. Peni ya huku ilikuwa senti 10 yenye tundu, iliyoitwa hivyo kwa kuwa peni ya Kiingereza, sehemu ya kumi na mbili ya shilingi, ilikuwa karibu na senti 8 na kidogo. Na thumni, ambayo maana yake ni sehemu ya nane, baadaye ilikuwa jina la senti 50. Ukisikia majina haya, uliza: ya enzi gani?

Wa tatu ni mkwaju, ile alama ya / kati ya namba. Stakabadhi ya London iliyoandikwa 2/6 ni shilingi 2 na peni 6. Ya Dar es Salaam au Nairobi iliyoandikwa 2/50 ni shilingi 2 na senti 50. Zote mbili ni shilingi mbili na nusu! Mkwaju ulisafiri, kilichobadilika ni upande wa kulia tu. Na pale ambapo hapakuwa na peni, Waingereza waliandika 5/-, mtindo ambao kwetu umeendelea kama 5/=. Kila anayeandika bei ya nyanya 2,000/= leo anatumia kifupisho cha pauni ya peni 240, ingawa shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 haikuwahi kugawanywa kwa peni hata siku moja.

Wa nne ni riale ya Maria Theresa, ile kubwa ya fedha iliyopendwa pwani, Oman na Ethiopia. Haijaandikwa thamani, na mwaka wake daima ni 1780, kwa sababu iliendelea kutengenezwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufa. Hapo mwaka haukuambii umri. Usiinunue kwa tarehe.

Sasa chagua

Kama una sarafu nne tano za nyumbani, hasa pwani, Unguja, Pemba, Tanga, Bagamoyo, Lamu, au kwa ndugu walioko Muscat, shika rupia. Hesabu yake ni kukata nusu, majina unayo, na kila sarafu ina mtu wa kumuuliza. Mzee aliyekua akisikia wazazi wake wakitaja ana na rupia anaweza kukueleza jambo ambalo halimo katika orodha yoyote ya wakusanyaji. Zanzibar rupia iliendelea mpaka 1936. Gharama yake ni kwamba zilizo safi si nyingi, za fedha zina bei, na za dhahabu za Tabora hughushiwa. Hizo za dhahabu usiziguse bila mjuzi pembeni.

Kama uko Uingereza, au umerithi kopo zima la sarafu za mtu aliyefanya kazi huko, shika pauni. Peni za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni, unaweza kupanga mwaka baada ya mwaka kwa fedha kidogo, na kosa lako la kwanza halitakuumiza mfukoni. Ukisoma herufi za Kilatini za mfalme mmoja umesoma za wafalme wote. Nayo inakusaidia kuziona sarafu za shilingi za Afrika Mashariki, ambazo zina wafalme haohao.

Kama unamfundisha mtoto wa shule ya msingi, mpe heller na senti zenye tundu kwanza. Azihesabu, azifunge kwa uzi kama watu walivyozifunga. Pesa 64 zitafuata.

Kwa wote: usisugue sarafu. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Nimeona pesa ya 1299 iliyong'arishwa mpaka mizani ikabaki kivuli, na hakuna namna ya kuirudisha. Maji safi na kitambaa laini vinatosha kuondoa mchanga. Kama tarehe haisomeki, ilaze sarafu karibu na dirisha asubuhi, mwanga uipige kwa ubavu, uigeuze taratibu. Namba zilizopotea juani mchana zitajitokeza.

Mpwa wangu alichagua rupia. Peni ya 1912 ameibakiza pia, kwa ajili ya ile H, na ameiweka kwenye bahasha moja na picha ya rupia ya Mombasa ya 1888. Rupia yenyewe bado anaitafuta.